Sauti ya Msimamizi

Ijumaa ile Fuatino alishuka kwenye basi la kiwanda akiwa amebakiza jambo moja tu kabla ya kwenda kwake: karatasi ya Leitu itiwe saini.

Ilikuwa karatasi ya maswali saba. Wiki mbili nyuma, mtaalamu mmoja kutoka Auckland aliwakusanya wasimamizi wote wa kiwanda chao cha nyaya za magari, akawafundisha namna ya kumtambua mfanyakazi aliyeelemewa. Halali usingizi. Moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Anasahau. Mikono inatetemeka. Analia bila sababu. Chakula hakipiti. Amekuwa kimya.

"Ukiona matatu kati ya haya, mpumzishe," alisema mtaalamu. "Usingoje aanguke."

Fuatino, msimamizi wa laini ya nne, aliyaona yote saba kwa Leitu, mfanyakazi wake. Na kwenye karatasi, kwa mkono wake mwenyewe, akaandika hapana. Mara saba.

Tusimfichie. Alikuwa mwalimu wa watoto kanisani, mtu wa kufunga na kuomba. Lakini Leitu ndiye aliyekuwa na mikono myepesi kuliko wote kwenye laini ya nne, na mzigo wa Melbourne ulitakiwa bandarini Jumatatu. Ampumzishe Leitu, abaki na nani?

Jumanne Leitu alianguka chini ya meza yake. Hakuonekana tena kazini. Sasa Fuatino alikuwa njiani kwao, saini ipatikane, na kama Mungu angejalia, amwombe arudi hiyo Jumatatu.

Kombe la baharini likapulizwa.

Ilikuwa saa ya sala. Kombe likilia, kijiji kizima huingia ndani, na hakuna mguu unaogusa barabara mpaka lilie la mwisho. Lemalu, mlinzi wa saa ya sala, bonge la mtu, alikuwa ameshasimama njia panda na fimbo yake.

"We dada! Kombe hulisikii, au masikio umeyasahau mashineni?"

"Dakika mbili tu, kaka Lemalu. Nyumba yenyewe ile pale."

"Naona kiwanda siku hizi kina Mungu wake."

"Mungu ananijua."

"Haya, pita. Ila ukikutana na asiyekujua, usiniite."

Alicheka. Fuatino naye akacheka, akapita. Hilo lilikuwa kosa la pili, na alilijua wakati analitenda.

Barabara ikawa tupu. Nyimbo za dini zilianza kutoka kila nyumba, taratibu, moja ikiipokea nyingine. Kwa akina Leitu tu hakukuwa na wimbo. Mapazia ya makuti yalikuwa yameteremshwa kati ya nguzo zote za nyumba hiyo isiyo na kuta. Ilitoka harufu ya mafuta ya nazi na majani yaliyopondwa... na chini yake harufu nyingine, ambayo haikuwa na kazi pale kijijini.

Mpira uliopata moto.

Kisha akasikia.

Kraa... Kraa... Kraa...

Kama utepe wa kufungia nyaya unavutwa kwenye rola yake. Halafu mtu akasema ndani, kwa ukali wa mtu aliyezoea kutiiwa:

"Bado ishirini. Nani anataka chooni? Choo kitangoja!"

Fuatino alisimama. Ile sauti aliijua, lakini hakuwahi kuisikia kutoka nje.

Ilikuwa yake.

Akainama, akachungulia chini ya pazia. Leitu alikuwa ameketi katikati, mama yake amemshika mabega kwa nyuma. Alikuwa akichana mkeka aliokalia, ukanda baada ya ukanda, kraa, na kila ukanda akiuzungushia mkono wake wa kushoto, kwa mpangilio, kwa kukaza, jinsi laini ya nne inavyofunga nyaya. Alikuwa amefika kwenye kiwiko. Vidole vilikuwa vimegeuka rangi.

Mbele yake alikaa bibi Vaitupu, mganga wa majani. Kazi yake ilijulikana na wote. Marehemu aliyeudhiwa akimpanda mtu wa ukoo wake, Vaitupu humuuliza jina, humuuliza kosa, ukoo huomba radhi, marehemu huenda zake.

"Wewe nani, uliyemkalia mtoto wetu?" alinong'ona.

Leitu alichana ukanda mwingine.

"Ni bibi yake? Kaburi lako tumelisahau, bibi?"

"Fuatino," likajibu lile domo la Leitu.

"Ukoo huu hauna marehemu wa jina hilo. Ulikufa lini?"

"Sijafa."

Kraa...

"Nimesimama hapo nje."

Vichwa vyote viligeuka.

Vaitupu alikuja mwenyewe akainua pazia. Alimtazama Fuatino kwa muda, kama mtu anayetazama kidonda kibichi. "Ingia," alisema kwa sauti ya chini. "Wafu nawajua, nikiwaomba wanaondoka. Roho ya mtu aliye hai siiwezi. Umeiingiza mwenyewe, basi itoe mwenyewe. Mwambie Leitu apumzike. Kwa kinywa chako."

"Mwambie, mwanangu!" mama yake Leitu alilia. "Mwambie, mkono unakufa huo!"

Fuatino alipiga magoti. Mungu ni shahidi, alitaka kusema. Ila kabla ya neno kuja, likaja wazo. Wazo dogo, la kufumba na kufumbua.

Jumatatu.

Leitu akageuza shingo taratibu, akamtazama. Akatabasamu.

"Mmeona?" ilisema ile sauti. "Hata sasa anahesabu."

Fuatino alifumbua kinywa. Midomo ikacheza: Leitu, pumzika. Hakikutoka kitu. Hata mnong'ono. Koo lake lilikuwa kama chumba kilichohamwa. Sauti yake ilikuwa kule, kwenye koo la mwenzake, ikisema: "Haraka. Haraka, jamani."

Jumamosi nesi wa zahanati alikuja. Akasema moyo umechoka mno, akauliza kama binti alikuwa akielemewa kazini. Akapiga simu kiwandani. Wakamsomea karatasi iliyokuwa kwenye faili lao, kwa maana ile ya Fuatino ilikuwa nakala tu ya kutiwa saini. Hapana. Hapana. Mara zote saba.

"Basi si kazi," alisema nesi.

Fuatino, aliyekuwa bado pale bila sauti, alinyakua kalamu, akaandika mgongoni mwa ile nakala: Nilidanganya. Leitu apumzike. Mama akamsomea mwanawe, akamsomea tena. Leitu aliendelea kuchana mkeka.

"Karatasi haina pumzi," alisema Vaitupu, akafunga majani yake.

Ilibaki njia moja, ile ya wakosaji. Jumapili alfajiri, Tausaga, mjomba wa Fuatino na mkuu wa ukoo wake, alimpeleka Fuatino mpaka mbele ya nyumba ya akina Leitu, akamketisha chini kwenye umande, akamfunika gubigubi kwa mkeka mwembamba wa heshima, naye akaketi kando. Wenye nyumba wakiuinua mkeka, wamesamehe. Wasipouinua, unakaa. Hata wakikupiga mawe, unakaa.

"Usitikisike," Tausaga alinong'ona. "Ningekuombea kwa maneno, lakini kosa hili hata mimi sijui naliitaje."

Kulipambazuka. Chini ya mkeka kulikuwa na joto na giza. Kutoka nyumbani ilisikika kraa... kisha kimya kirefu... kisha kraa...

Kisha haikusikika tena.

Wanawake wakapiga ukelele. Fuatino alielewa kwamba Leitu amekata roho. Alilia bila sauti, na wakati huohuo akahisi koo lake likifunguka, kama mtu amerudi akasukuma mlango.

Nyayo zilikuja juu ya changarawe. Mkeka ukainuliwa. Alikuwa mama yake Leitu, macho mekundu, nywele zimefumuka.

"Inuka," alisema. "Nimekusamehe. Nikikuchukia nitapata nini?"

Fuatino akafumbua kinywa aseme asante.

"Mama," kikasema kinywa chake. Sauti nyembamba, laini, ya mtu asiyependa kusumbua watu. "Mama, kifua kinaniuma."

Tausaga alirudi nyuma akijikwaa, akaita jina la Yesu.

Mama hakupiga kelele. Alishuka kwa magoti, akaushika uso wa Fuatino kwa mikono yote miwili, kucha zikaingia mashavuni.

"Sema tena," alinong'ona.

Fuatino hakurudi kiwandani. Ni mwaka wa pili sasa. Kila siku mama yule huja, huketi mbele yake, husikiliza, hujibu, "Ndiyo, mwanangu," na hakuna mwenye moyo wa kumwondoa. Akishaondoka, Fuatino hupiga magoti aombe rehema kwa uongo alioandika. Huomba sana. Ila kwa sauti ile, hajui Mungu anadhani ni nani anayeomba.