Mguu wa Fidencio

Breki zilikuwa nyepesi, na balaa lilianzia hapo.

Belén alirudisha gari uani, akazima injini, akateremka akicheka. "Baba, umezipatia! Nagusa tu, linasimama."

Eloy Maestas alikuwa akifuta mikono kwa tambara. Mikono ikaacha kufuta. Breki zile alizifunga mwenyewe, diski mbele badala ya ngoma za zamani, na kwa makusudi hakuweka lile kopo kubwa la kuongezea mguu nguvu, maana alitaka Paloma, kama walivyoliita gari hilo, abaki kama alivyotoka kiwandani mwaka wa sitini na nne. Breki za namna hiyo ni ngumu, zinataka paja la mtu mzima. Asubuhi ileile alizijaribu mpaka goti likamuuma.

"Nyepesi?" aliuliza.

"Nyepesi mno. Kama tunakanyaga wawili."

Mtu wa bonde la Española, kwao Eloy, atakula maharage na pilipili mwezi mzima ilmradi gari lake ling'ae na kutambaa chini kama mjusi. Lakini Paloma hakuwa wa mashindano ya urembo wa magari tu. Alikuwa gari la marehemu Fidencio, mdogo wake Eloy na baba wa ubatizo wa Belén, na gari hilohilo ndilo lililomuua. Breki zake zote zilitegemea masta silinda, pampu ya maji ya breki, ya chumba kimoja. Bomba lilipopasuka mteremkoni Córdova, hakubaki na breki yoyote, gari likaacha barabara kwenye kona, likaanguka. Waliomtoa walisema mguu wake wa kulia ulikuwa bado umeikandamiza pedeli sakafuni. Msalaba wake uko palepale konani, na wenye magari wakipita hupiga honi. Pasaka hii Belén alitaka kumwendesha Paloma kwenye msafara wa magari, kwa heshima ya marehemu. Eloy aliapa haliendi gari mpaka liwe na masta silinda ya vyumba viwili, upande mmoja ukivuja mwingine ubaki. Alikuwa ameshamzika mmoja kwa gari lile. Hakuwa tayari kumzika mtoto.

Kosa lilikuwa limefanyika siku chache nyuma, wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja chini ya gari na spana, mwingine kwenye usukani. Wa chini huita, "Kanyaga!" Kisha, "Shikilia!" Wa juu hujibu, "Nimeshikilia." Wa chini hufungua skrubu, upepo unatoka pamoja na maji ya breki, anafunga, halafu anasema, "Achia." Eloy na Fidencio walikuwa wakiitana hivyo tangu ujana wao. Siku ile Nieves, mke wa Eloy, alikuwa kanisani, Belén kazini, na Eloy alijilaza chini kukagua skrubu tu. Mdomo ukamponyoka.

"Kanyaga!"

Pedeli ikalia juu yake.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia, kaka."

Alifungua, maji yakachuruzika, akafunga, mikono ikifuata mazoea, na ndipo alipokumbuka kwamba yuko peke yake. Alijiburuta nje, akachungulia. Kiti kilikuwa kitupu. Pedeli ilikuwa imelala sakafuni, na ndani ya gari kulinuka breki zilizoungua na bazoka ya mdalasini, ile aliyokuwa akitafuna Fidencio kutwa nzima. Eloy alitoka mguu niponye. Neno la mwisho hakulisema.

Nieves aliporudi pedeli ilikuwa imepanda. Wakamalizia kazi wote wawili, na Eloy akajidanganya kwamba ni mvuke wa petroli uliompanda kichwani.

Sasa alimnyang'anya Belén ufunguo. "Huliendeshi tena."

"Baba, una wivu! Mwenyewe umezeeka, unataka wote tuchechemee."

"Nimesema."

Mchana, wakiwa mezani, waliisikia gereji: ngu, ngu, ngu, kisha kimya kirefu, kisha tena ngu, ngu, ngu, na Nieves akaweka kijiko chini bila kukitazama, na Eloy akasema ni bati linapanuka kwa jua ilhali nje kulikuwa na mawingu mazito, na harufu ya mdalasini ikapenya chini ya mlango, ikapita kwenye sahani zao, ikasimama nyuma ya kiti cha Belén na haikuondoka.

"Nani anapika kitu kitamu?" Belén aliuliza.

Ijumaa Kuu Belén alichukua ufunguo wa akiba akaenda kuweka maua msalabani. Eloy aliitwa kwa simu. Alimkuta Paloma amekwama katikati ya kona, alama nyeusi za matairi nyuma yake, na dereva wa lori la kuni amekaa kando ya barabara, maana lori lake lilimkosa Belén kwa inchi chache.

"Sikukanyaga, Baba," Belén alinong'ona. "Mguu wangu ndio uliokanyagwa."

Alivua kiatu. Juu ya unyayo, ngozi ilikuwa na alama ya bluu ya soli ya buti. Mguu wenyewe ulikuwa baridi. Eloy aliufunika kwa koti lake, akawarudisha nyumbani, yeye na gari.

Mama Orfelinda, mganga wa kijijini, alikuja na yai la kupimia mashetani na moshi wa majani. Alilizunguka gari mara moja tu, akakunja uso.

"Wewe ndiye uliyemwita?"

"Ni mimi, mama."

"Ulimwambia ashikilie?"

"Ndiyo."

"Na kuachia, je?"

Eloy aliinamisha kichwa.

"Basi anakutii mpaka leo, maskini. Lala pale ulipolala. Mtoto akae ndani na mama yake."

Alijilaza. Alishika spana.

"Kanyaga."

Pedeli ikalia.

"Shikilia."

"Nimeshikilia, kaka." Ilikuwa sauti ya Fidencio kabisa, ya kikohozi kidogo, na Eloy akaanza kulia, akafungua skrubu na kuifunga huku machozi yakimwingia masikioni, akaita, "Achia," na hakuna kilichoinuka, akaita tena, "Achia, Fide, mdogo wangu, umefanya kazi nzuri, nakuomba, pumzika, achia," na harufu ya breki zilizoungua ikazidi mpaka akakabwa, kisha kitu kikapumua kwa uchovu juu yake na pedeli ikapanda.

Mama Orfelinda alilipasua yai kwenye bilauri. Lilikuwa safi. Alijipiga ishara ya msalaba, na Eloy akajaribu pedeli kwa mguu wake mwenyewe. Ilikuwa ngumu, ngumu kama alivyoitengeneza. Alicheka kwa sauti, akakimbilia jikoni kuwaambia.

Nieves alikuwa amesimama ukutani, kiganja mdomoni. Jiko zima lilinuka mdalasini. Belén alikuwa kwenye kiti, mgongo umenyooka, mikono mbele ameishika hewa kama usukani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu, na paja lote lilikuwa likitetemeka.

Eloy alipiga magoti akaukumbata ule mguu kwa mikono miwili, akauvuta. Haukunyanyuka hata unywele.

"Achia," alisema. "Mwanangu, achia."

Belén alimtazama huku machozi yakimtiririka. Mdomo ulikuwa wake, sauti haikuwa yake.

"Nikiachia, kaka," ilisema, "tunaanguka."