Michirizi ya Chelimo

Mlango wa posta ya Eldoret ulikuwa umefurika watu Ijumaa ile Chelimo alipomgonga kijana wa watu kwa kiwiko, bahasha ikamponyoka.

"Usiikanyage! Ni filamu!"

"Filamu? Basi madamu, umegonga mtu mwenyewe," kijana akacheka akiiokota. "Mimi ni Wanyoike. Studio yangu ndiyo ile ng'ambo ya barabara."

Chelimo, gauni la samawati likimkaa utadhani alizaliwa nalo, alifundisha fizikia chuoni. Jumatatu angesimama mbele ya maprofesa waliotafuta mtu mmoja wa kumpeleka Uingereza kusoma. Alihitaji picha kubwa ya filamu hiyo, na leza, taa ya mwanga mkali aliyoazima kuipigia, ilikuwa imekwisha kurudishwa Nairobi, hivyo hangeweza kuipiga upya.

"Kesho itakuwa tayari?" akauliza, akimkabidhi bahasha.

"Kwako hata leo, mrembo."

Jioni simu ya studio ililia.

"Ni Chelimo. Naulizia picha."

"Picha ama mwenye kupiga picha?"

"Wewe una maneno!"

Lakini hakukata simu. Waliongea mpaka jirani ya Chelimo wa mtaa wa West Indies, mwenye simu, akaanza kukohoa. Wanyoike naye alikuwa amekwisha, jamani. Mapenzi hayabishi hodi.

Shida ya mwanamume akipenda ni kuongeza kazi asiyotumwa. Aliona filamu imejaa michirizi, akaihurumia. Enzi hizo mpiga picha alichonga penseli kama sindano, akaziba chunusi za bibi harusi juu ya filamu yenyewe. Wanyoike akaziba michirizi yote, akipiga mluzi.

Kesho yake Chelimo alishika picha nyeupe, safi, tupu.

"Michirizi iko wapi?"

"Nimekutolea yote, dia."

"Umeniua, Wanyoike! Leza ikipiga atomu, elektroni inachomoka. Inaweza kupitia njia mbili. Njia zikikutana, mahali pengine zinaongezana, pengine zinafutana. Ndiyo hiyo michirizi! Elektroni siwezi kuzipiga picha hapa, nikatumia mwanga wa leza badala yake, sheria ni moja. Sasa nitaonyesha nini?"

Akatoka akilia. Wanyoike akamfuata mbio hadi katikati ya soko, aproni ikipepea.

"Ni penseli tu, inafutika! Sikukwaruza kwa wembe! Rudi, tafadhali!"

Alirudi, uso umevimba kwa hasira. Wanyoike alichovya pamba kwenye tapentaini, akapangusa polepole. Akikwaruza filamu, Uingereza imekwenda. Mstari ukatokea, kisha wa pili, kisha yote. Chelimo akapiga kelele akamrukia shingoni. Moyo wa Wanyoike nusura usimame.

Jumatatu saa kumi simu ililia.

"Wamenichukua! Naenda!"

Wanyoike alifurahi na kuumia kwa pamoja.

"Hongera, mpenzi. Chelimo, kabla hujaenda, niruhusu nije kwenu Soy na wazee wangu. Jumapili."

"Jumapili usikuje."

Wanyoike akaanza kuushusha mkonga wa simu.

"Kuja Jumamosi," Chelimo akasema, sauti ikitetemeka kwa kicheko. "Jumapili ni mbali."