Watatu kwa Kila Shina

Mwaka 2012, ukitaka habari za Rubondo, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ulikwenda kwa Mariette, Mama Eliane. Wageni hawakukosekana, wala chai. Kilichokosekana ni ndizi. Nyuma ya nyumba migomba ilibanana kama watu kwenye foleni ya posho, na mikungu yake ilikuwa midogo, ya kubeba kwa mkono mmoja.

"Jumatatu ninang'oa yote," alisema mumewe, Appolinaire. "Nitapanda mahindi."

"Utanikuta nimelala mle ndani, Papa Eliane."

Hakutania. Kule Fizi, Kongo, Mariette aliacha shamba zima akakimbia vita. Alipofika Nakivale alileta miche kutoka Ruti, Mbarara, akaapa kwamba kitakachoota hapa hakikatwi. Machipukizi yote akayaacha.

Jumamosi akaja jirani, Nyirabizimana, aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la migomba karibu na Mbarara. Alichungulia nyuma, akacheka hadi akashika ukuta.

"Dada, hili ni shamba ama maficho ya nguruwe?"

"Cheka tu. Kesho kutwa migomba yote inang'olewa."

"Hesabu migomba ya shina hili."

Mariette akahesabu. Kumi na moja.

"Kumi na moja, sahani moja. Nani atashiba? Acha watatu: mama mwenye mkungu, binti yake na mjukuu. Wengine toa."

"Nikate vitu vibichi hivi, vizima?"

"Unawashibisha waliobaki. Leta panga, tulipitishe motoni kwanza. Ugonjwa wa kunyausha migomba unasafiri na panga. Kila ukimaliza shina moja, lirudishe motoni."

Chipukizi la kwanza Mariette alilikata huku uso amegeuza pembeni. La pili akalitazama. Kufikia la kumi alikuwa amekaza kitenge kiunoni, anaimba wimbo wa kwaya.

"Kata chini kabisa," Nyirabizimana alimwambia, "kisha chimbua kiini. Ukikiacha, litaota tena."

Majani makavu yalishuka, wakayatandaza kutunza unyevu, mbali kidogo na mashina. Jua likaingia. Upepo ukaingia. Hata njia ikaonekana, na Mama Sidonie, jirani mwingine, akipita.

"Mama Sidonie, viatu vipya hivyo vimetoka wapi?" Mariette aliita.

"Tupumzike, dada," Nyirabizimana alisema, jasho likimtiririka.

"Pumzika wewe. Nimebakiza mashina mawili."

Jumatatu Appolinaire alizunguka nyuma ya nyumba na jembe, akasimama. Aliona migomba imepangika, na nafasi ya kupita katikati.

"Nipe mwaka mmoja," Mariette alisema.

Appolinaire alijikuna kichwa. "Mmoja, basi. Lakini hapa katikati ninapanda maharagwe."

Mwaka ulikuwa haujaisha. Mkungu wa kwanza ulibebwa na watu wawili, na uwanja ukajaa majirani waliokuja kuona. Appolinaire alisimama mbele yao.

"Watatu tu kwa kila shina," alisema. "Mimi sijawahi kupenda msongamano."

Wanawake wakamgeukia Mariette wamsikie atakavyojibu. Hakuwepo. Alikuwa katikati ya migomba, ameinama, anakata chipukizi lililoota wiki hiyo.