Ndege ya Tatu Kwenye Foleni

Nyumbani kwetu Riruta hutumwi dukani hivi hivi. Mama akikutuma, lazima urudie alichosema, la sivyo hutoki mlangoni.

"Ivyne, maziwa pakiti mbili, mkate mmoja, na usipitie kwa kina Ndanu."

"Sawa, Mama."

"Sawa nini? Nimesema nini?"

"Maziwa pakiti mbili, mkate mmoja, nisipitie kwa kina Ndanu."

"Haya, nenda."

Msimlaumu. Mama yangu, Philister, ni mwongozaji wa ndege. Hukaa juu ya mnara uwanjani akizungumza na marubani kwa redio, na rubani asiporudia alichoambiwa, Mama hamwachi. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijivunia kazi yake kupita kiasi. Nilidhani kwa kuwa yeye ndiye aliyenizaa, basi na mimi nayajua yote ya angani.

Jumatatu moja Mwalimu Bramwel alitutaka sisi wa Gredi ya Saba tusimame mmoja mmoja tuzungumze kuhusu usafiri. Atakayefanya vizuri zaidi angeiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi kule Westlands. Niliitaka nafasi hiyo mpaka nikakosa usingizi.

Rafiki yangu Stacy alinitangulia. Babake, Mwanzia, alikuwa na mwaka wa tatu Marekani, akipakia mizigo kwenye ndege, na Stacy aliishi na nyanyake. Alisimama akiwa na karatasi yake.

"Kule Marekani," akasema, "ndege zikiwa kwenye foleni angani, ile ya tatu inaweza kuambiwa, 'Unaruhusiwa kutua,' kabla mbili zilizo mbele hazijatua."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, tena bila kuinua mkono.

"Aki Stacy, wacha uongo! Mama yangu ndiye huongoza ndege! Hakuna ndege inayopewa ruhusa kama kuna nyingine mbele yake haijatoka njiani. Si zitagongana!"

"Ni Baba aliniambia," Stacy akajibu polepole. "Akipumzika kazini husikiliza redio ya marubani."

"Kwani babako ni rubani? Si anabeba masanduku tu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alitunyamazisha, lakini Stacy hakumaliza. Alikunja karatasi yake akaketi. Zamu yangu ilipofika nilieleza habari za mnara kwa madoido, na Mwalimu akaandika jina langu kuwa mimi ndiye wa kwenda Westlands.

Jioni Mama alikuwa akikata sukuma wiki. Nilimsimulia yote, huku nikimwiga Stacy. Mama akaweka kisu chini.

"Stacy amesema kweli," akasema.

"Mama!"

"Ndiyo. Huku kwetu mimi huingoja ndege ya mbele itoke njiani, ndipo niiruhusu ya nyuma itue. Marekani wanaweza kuziruhusu mapema, kisha wanazichunga kwa macho. Nafasi isipotosha, ya nyuma inaambiwa ipande tena, izunguke. Uchina nao hupima kimo cha ndege kwa mita, sisi kwa futi."

"Sasa nani yuko sawa?"

"Kila mmoja kwake. Ndiyo maana rubani husoma kanuni za nchi anayokwenda kabla hajaondoka. Kuna marubani wanaotoka Marekani, wakikaribia kwetu wanaanza kuuliza, 'Mnara, mbona hamjaniruhusu?' Mimi siwaiti wajinga. Nawaambia, 'Endelea kukaribia.' Wewe umemwita mwenzako mwongo mbele ya watu. Kesho mwambie Mwalimu, na umwombe Stacy msamaha."

"Ndiyo, Mama."

Safari hii hakunitaka nirudie. Afadhali angenitaka.

Maana Jumanne sikusema. Jumatano pia sikusema. Nilijiambia nitasema Westlands ikishapita. Jamani, moyo wa mtu una visingizio! Wavulana walianza kumwita Stacy "Namba Tatu", nami nikawa najifanya nafunga kamba za viatu ili nisimtazame usoni.

Alhamisi nikitoka shule, nyanyake Stacy akaniita. Jina lake ni Nthenya, lakini watoto wote tulimwita Susu, kama Wakamba wanavyowaita nyanya zao. Aliuza maparachichi kando ya barabara ya Naivasha, papo hapo Riruta.

"Ivyne, mmegombana na Stacy?"

"Kwa nini, Susu?"

"Babake akipiga simu, Stacy hataki kuongea naye. Jumatatu alimwuliza tu, 'Baba, kwa nini ulinidanganya?' akanirudishia simu. Mwanangu ananiuliza amedanganya nini, nami sijui. Jana nimemsikia akilia huko, mwanamume mzima."

Nilidhani nimemshinda rafiki yangu kwa maneno tu, kumbe nimemwondolea imani kwa babake. Nilimweleza Susu yote palepale, machozi na kamasi pamoja. Hakunikemea. Alinipa ncha ya leso yake nijifute.

"Vizuri umeniambia," akasema, "lakini si mimi uliyenikosea."

Ijumaa niliinua mkono kabla Mwalimu Bramwel hajafungua kitabu.

"Mwalimu, Stacy alisema kweli kuhusu ndege za Marekani. Mimi ndiye niliyekosea. Na nimejua tangu Jumatatu jioni."

"Tangu Jumatatu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Niliogopa kupoteza nafasi ya Westlands."

Mwalimu aliweka kitabu chini. Kisha akamgeukia Stacy. "Hukumaliza siku ile. Njoo umalizie, na leo hakuna atakayekukatiza."

Stacy alizungumza mpaka mwisho. Alieleza jinsi mizigo inavyopangwa ili ndege isilemee upande mmoja, na hata wale wavulana walitulia. Alipoketi, Mwalimu alifuta jina langu akaandika lake. Niliumia, sitasema uongo. Lakini usiku huo ningelala.

Wakati wa mapumziko nilimfuata. "Stacy, nisamehe."

"Ulisema baba yangu anabeba masanduku tu," akajibu bila kunitazama. "Mwambie yeye."

Basi saa kumi na moja jioni, ambapo kule Marekani ni asubuhi, Susu alipiga simu pale anapouzia, akanipa.

"Habari ya huko, Baba Stacy? Ni Ivyne. Mimi ndiye niliyemwambia Stacy kwamba umemdanganya. Hukumdanganya. Hata Mama amesema ni kweli. Tena niliidharau kazi yako mbele ya darasa. Nisamehe."

Nikaanza kulia. Nilisikia ndege ikinguruma upande wake.

"Kumbe ni hilo?" akasema. "Siku nne najiuliza nimemkosea nini mtoto wangu. Pole, mama, usilie. Nilipofika huku hata mimi nilibishana na kila mtu. Kila kitu, 'Kwetu haiko hivyo!' Na ni kweli, kwetu haiko hivyo. Lakini kwetu si dunia nzima. Wahenga walisema mtoto asiyetembea hudhani mamake ndiye mpishi bora. Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kumcheka mwenzako kabla hujauliza, na kubwa zaidi ni kuujua ukweli ukaukalia huku yeye anaumia. Leo umeusema, umeniondolea mzigo mzito. Nimekusamehe. Sasa nipe Stacy."

Stacy alikuwa amesimama nyuma ya maparachichi, mikono mgongoni. Nilimnyooshea simu. Aliitazama, akamtazama Susu, kisha akaichukua kwa mikono miwili akaibana sikioni.

"Baba," akaita. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta. "Baba, usikate. Niambie kingine kuhusu ndege."