Maboga Juu ya Shimo

"Lifukie hilo shimo, halafu usiniite mama!"

"Mama, miaka miwili imepita na bado liko wazi. Unangoja lichukue mtoto wa nani tena?"

"Umeishia kidato cha pili, leo unanifundisha mimi? Ukiliziba, mwenzio atapita wapi akirudi?"

"Asadi tulimzika, mama."

"Mlizika mwili."

Shadya akachukua jembe lake. Tangu mdogo wake afe, mama yake, Mwaisha, hakushika tena kikaango cha vitumbua vilivyowalisha. Shule ikaishia hapo. Ikabidi Shadya awe mtu mzima wa nyumba.

Pagale lenye shimo hilo, pale mtaani Rahaleo, lilitazamana na mlango wao. Lilijengwa enzi watu walipoikimbilia gesi iliyogunduliwa mkoani, likafika kwenye linta, bila paa, mwenyewe akatoweka. Kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa, Shadya na kina mama wa jirani waligeuza vyumba kuwa bustani: sebuleni mchicha, chumbani bamia, jikoni matembele. Lilibaki shimo la choo, nyuma. Humo ndimo alimookotwa Asadi, mtoto wa miaka sita, baada ya mvua. Mguu wa kushoto ulikuwa na kandambili. Wa kulia mtupu.

Siku ile alikuwa ameingia nyumbani mbio, bila hodi, kama kawaida yake. "Toka," Mwaisha alimwambia akicheka. "Rudi mlangoni upige hodi kama watoto wa watu." Asadi akatoka amenuna. Hakurudi.

Shadya alilifukia. Alijaza udongo na majani ya mikorosho, akapanda maboga juu yake. Mwaisha alimtazama kutoka barazani.

Maboga yalipoanza kutambaa, asubuhi moja Shadya alikuta nyayo kwenye udongo alioumwagilia jana yake. Ndogo. Moja ya kandambili, moja ya vidole vitano. Zilianzia kwenye mashina ya maboga. Za kurudi hazikuwapo.

Kesho yake zilifika kwenye matembele. Keshokutwa yake, sebuleni. Zilipita katikati ya mchicha, na hakuna mche uliolala.

Shadya alizifuta kwa jembe, hakumwambia mtu. Lakini Alhamisi alimkuta mama yake amepiga magoti njiani, kati ya pagale na mlango wao, anapima unyayo kwa kiganja.

"Ni wake," Mwaisha alinong'ona.

"Mama, twende kwa mjomba, kule Ziwani. Leo hii."

"Niende, akija amkute nani?"

Ijumaa Mwaisha aliwasha jiko. Vitumbua vikanukia nyumbani, mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Saa saba mchana. Wanaume wako msikitini, mtaa kimya. Mlango ukagongwa. Chini, usawa wa kiuno cha mtu mzima.

Mwaisha akasimama. Shadya akamshika kanga.

"Mama, usiitike. Nakuomba. Nimebaki mimi."

Kanga ikabaki mkononi mwake.

Nyayo mbili ndogo, moja ya kandambili, moja tupu, zipo kwenye sementi ya kizingiti hadi leo. Kando yake zipo za mtu mzima, zinaelekea nje. Shadya amezisugua kwa sabuni na brashi ya chuma. Hazitoki. Mwaisha hajaonekana tena.

Majirani wakimwuliza alisikia nini mchana ule, huwaambia ni sauti ya mtoto, ya upole, kama aliyefundishwa adabu akaelewa:

"Hodi, mama. Leo nimepiga hodi."