Idhini ya Felicitas

Asubuhi moja Projestus Kagaruki alikuta punje ya kahawa juu ya kibodi yake, imeshatafunwa, ingali na mate. Alisonya, akaifuta. Ofisini kwao Rwamishenye mtafunaji wa kahawa alikuwa mmoja tu, Felicitas Kemilembe, naye walikuwa wamemzika huko Nshambya mwezi uliopita.

Felicitas ndiye aliyekuwa akijaribu kila toleo la programu ya kukokotoa dozi za watoto, kabla halijapelekwa kwenye zahanati za Muleba. Projestus alimwona anamchelewesha. Akaipanga seva ijiendeshe: itengeneze, ihifadhi na isambaze yenyewe, bila idhini ya mtu. Toleo moja bovu likapita, mtoto wa watu akafa, na Projestus, bila haya hata chembe, akamtwika Felicitas lawama zote. Mwanamke wa watu akafukuzwa kazi, akaugua kwa fedheha, akawa mtu wa kukohoa tu, hakuinuka tena.

Alhamisi saa nane mchana seva ilisambaza toleo ambalo hakuna aliyeliandika. Projestus alilifungua: lilizidisha dozi mara kumi. Papo hapo simu ikaita. Alikuwa mkewe, Consolata, akipiga kutoka zahanati huko Muleba.

"Baba Avit," alinong'ona, "mtoto anachemka kwa malaria. Nesi anaangalia dozi kwenye kompyuta sasa hivi."

"Mwambie asichome! Consolata, asichome!"

Alijibiwa na kikohozi kirefu, kikavu, kile kile cha Felicitas, kisha simu ikakatika. Akapiga tena na tena, haikupatikana.

Akaandika toleo la kurekebisha, akabonyeza. Kwenye skrini yakatokea maneno: *Inasubiri idhini ya Felicitas Kemilembe.*

"Felicitas, waitu, mwenzetu, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini, na hapo harufu ya udongo mbichi wa kaburi ikajaa chumba kizima, akasikia kiti kikivutwa nyuma yake na mtu akikaa, pumzi baridi ikampiga shingoni, asithubutu kugeuka, akawaandikia wakubwa wake na ndugu wa marehemu Felicitas ukweli wote, kwamba yeye ndiye aliyesambaza toleo bila idhini yake na yeye ndiye aliyemuua yule mtoto, akautuma huku machozi yakimtiririka.

"Nimekiri! Ruhusu basi, Avit wangu hana kosa!"

"Ngoja nilijaribu toleo lako kwanza," sauti ikamjibu sikioni, taratibu kabisa. "Mimi sina haraka."