Jini Lisilojua Kushindwa

Bando la intaneti lilikuwa limekwisha tangu saa tano asubuhi, na Anifa alikuwa na hakika ya jambo hilo kwa sababu ni yeye aliyekataa kununua jingine. Kwa hiyo alipoona ndani ya gemu, kwenye skrini ya nne, msaidizi mweupe akichomoka ardhini na kusimama bega kwa bega na mpiganaji wa mdogo wake, hakuogopa. Alikasirika.

"Nassibu! Umeunganisha mtandao wa nani?"

"Hakuna mtandao, dada."

"Sasa huyo kaingiaje humo?"

Nassibu hakugeuka. "Nimemwita, kaja."

Chumba chao cha gemu kilikuwa ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, juu ya maduka ya mapazia. Skrini tatu zilikuwa za mpira, na vijana wa sokoni walizipigania kila siku kwa matusi na vicheko. Ya nne ilikuwa na gemu moja tu, lenye jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyejisumbua kulitamka. Wote waliliita Kiama. Lilikuwa gemu la giza tupu: majumba yaliyobomoka, mifupa inayotembea, na mabosi, wale maadui wakubwa wa kila ngazi, wanaokuua kabla hujajua umekosea wapi.

Kiama kilikuwa na sheria zake humo chumbani, na Anifa alizisimamia kwa ukali. Ukifa, unampa mwenzako pedi ya kuchezea na kuchora mstari wa chaki ukutani chini ya jina lako. Ukimwua bosi, unaifuta mistari yako yote kwa kiganja, na chumba kizima kinasimama kukupigia makofi, hata wale wa mpira. Na kuita msaidizi, yaani mchezaji mwingine wa mtandaoni aje akupiganie, ni marufuku. Anayeshinda kwa kubebwa hafuti kitu.

Onesphory, afisa wa ofisi moja pale Posta, alikuwa akija kila saa ya chakula cha mchana, tai ameitupia begani, kuja kufa mara tano au sita na kurudi kazini akiwa mchangamfu. Siku moja kijana wa mpira alimwuliza kwa dharau anafaidi nini.

"Kazini nikiharibu nafokewa, na mpaka natoka jioni sijui kosa langu ni lipi," alisema Onesphory. "Hapa sifokewi. Nauawa tu, na nikifa najua: nilikimbia mapema. Kesho sikimbii. Nitajie mahali pengine Bongo hii unapotendewa haki namna hiyo."

Anifa alicheka siku ile, lakini alimwelewa kabisa. Yeye mwenyewe, mwaka alioachwa na mume, alikuwa amelimaliza gemu lile peke yake, kifo baada ya kifo, na hasira ya kila kifo ndiyo iliyomrudisha kitini. Kilichomshika hakikuwa ushindi. Ilikuwa ile hatua ndogo anayoipata mtu aliyeuawa juzi, jana na leo asubuhi, halafu mchana akaona upanga unakuja na mkono wake ukajua la kufanya bila kuulizwa.

Nassibu alikuwa na mistari mia mbili na kumi na miwili chini ya jina lake, yote ya bosi mmoja aitwaye Mzee wa Minyororo. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, mbishi, mwenye kelele, anayetukana pedi kama mtu anayegombana na konda. Anifa alimlea tangu alipomleta kutoka Lindi, na alimpenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho mjini. Siku hiyo ya bando kwisha, Nassibu alichoka. Akasema, kwa sauti, wenzake wote wakisikia: "Yeyote aliyepo aje anisaidie, sitaki kufa tena." Hilo ndilo kosa lake. Mcheza gemu amezoea kuita na kuitikiwa, hafikirii nani anasikiliza.

Mzee wa Minyororo alikufa kwa dakika moja. Msaidizi mweupe ndiye aliyemchinja. Hakuna aliyepiga makofi, na Nassibu hakunyanyua kiganja kufuta hata mstari mmoja. Bosi akifa, msaidizi hutoweka, ndivyo gemu lilivyotengenezwa. Huyu hakutoweka. Aligeuka akakitazama chumba, na Anifa akaona kwamba chini ya joho lake hakukuwa na miguu. Zilikuwa kwato. Harufu ya udi ikajaa humo ndani, na ndani ya udi kulikuwa na harufu nyingine ya nywele zinazoungua.

Kuanzia hapo Nassibu hakufa tena ndani ya Kiama. Alishinda kila kitu, siku nzima, bila neno, uso wake mkavu. Anifa alimpa chai iliyotoka jikoni saa hiyo, bado inachemka, naye akaimeza yote bila kukunja uso, na midomo ikavimba mpaka kesho yake. Mchana kweupe, wapiga debe wa mapazia wakiwa wanapasua koo huko chini, ngazi zilisikika: ko, ko, ko, kitu kinapanda taratibu, kinafika mlangoni, kinanyamaza. Ukifungua mlango hukuti mtu. Wateja wakaanza kupungua, wa mpira kwanza.

"Anifa," alinong'ona Onesphory, akiirudisha tai yake kifuani, "mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, sitaki kesi na viumbe wa namna hii. Huyo kijana muulize anasikia nini akishinda."

Anifa alimwuliza. Nassibu alifikiri muda mrefu, kwa kweli alifikiri.

"Sisikii kitu," akasema. "Ni pazuri, dada. Hakuna kinachouma."

Jioni hiyo mama yao alipiga simu kutoka Lindi, na Anifa akampa mdogo wake aongee. Baada ya dakika mbili Nassibu alimrudishia simu. Huko upande wa pili mama alikuwa analia.

"Anifa, huyo uliyempa simu ni nani?"

"Ni Nassibu, mama."

"Nimemwambia naumwa, nimemwambia kifua kinanibana, kanijibu 'sawa'. Mwanangu hawezi kunijibu sawa. Huyo ni nani?"

Kesho yake alfajiri Anifa alivuka pale Magogoni kwenda Kigamboni kwa Mama Evarista, mwanamke wa Kimakonde mwenye cherehani mbili na subira ndogo, ambaye watu wa kusini walimwendea kwa mambo ya majini huku wakijifanya wanapeleka nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema upesi, nina sare za harusi."

Anifa alisema yote. Mama Evarista hakusimamisha cherehani mpaka aliposikia habari za kwato.

"Hilo jini nalijua," akasema polepole. "Halijawahi kushindwa tangu liumbwe. Linapenda kushinda, na kila linaposhinda linachukua uchungu wa aliyeliita, maana ndiyo makubaliano. Aliomba asife tena, si ndiyo? Linamtimizia. Sasa nisikilize vizuri. Kinachoshinda kila siku kinachoka. Lishukuru. Lifukizie ubani, liambie umetusaidia vya kutosha, nenda salama. Siku arobaini, kila asubuhi. Litaondoka lenyewe kwa kuchoka."

"Arobaini? Mama, ameungua mdomo hajui! Baada ya siku arobaini atabaki nani?"

"Atabaki kiasi."

"Na eti nilishukuru jini hilo?" Anifa alisimama. "Limeingia kwangu, linamla mdogo wangu, halafu niseme asante?"

"Binti, usilipige!" Mama Evarista naye akasimama, uzi ukakatika. "Ninyi wa magemu mnafikiri kila kitu kina siri yake ya kupigwa. Lenyewe halijui kushindwa ni nini. Usilifundishe."

Lakini Anifa alikuwa ameshatoka. Kwenye kivuko alisimama na meno yameumana, na hasira yake haikuwa ya mtu aliyepotea akili. Ilikuwa hasira anayoijua, ile ya kukaa tena kitini. Na hili ndilo kosa lake yeye, ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya: aliamini kwamba chochote kinachoua, ukikitazama vya kutosha, utaona kinainua bega lipi kwanza.

Saa nne alifunga mlango kwa komeo. Nassibu alikuwa kitini pake, pedi mkononi, msaidizi mweupe amesimama kwenye uwanja mtupu wa Mzee wa Minyororo. Anifa akachukua pedi ya pili.

"Wewe," akaiambia skrini. "Unapenda kushinda? Nishinde mimi. Nikikuangusha, unamwacha na unatoka."

Kwato ziligeuka. Nassibu alisema kwa sauti kavu, isiyo yake ya kawaida, "Limekubali."

Alikufa mara ya kwanza kabla hajanyanyua ngao, na maumivu hayakubaki kwenye skrini: ubavu wake wa kushoto ulipigwa, akasikia pumzi ikimtoka, na alipofunua dera akaona alama nyekundu ndefu. Akatukana. Akaenda ukutani, akachora mstari, akarudi. Mara ya pili ilikuwa bega, ya tatu goti, ya nne hakujua ni wapi maana alianguka na kiti. Kufikia kifo cha ishirini chumba kilikuwa kimejaa harufu ya nywele zinazoungua, na kelele za Kariakoo, honi na wauza maji na spika za matangazo, zilikuwa zimekatika zote kwa pamoja ingawa dirisha lilikuwa wazi na watu chini alikuwa anawaona wakifungua midomo.

Kufikia kifo cha hamsini alikuwa hawezi kunyoosha kidole kidogo cha kulia, na nyuma ya kiti chake kitu kilikuwa kinatembea juu ya saruji, ko, ko, ko, kinasimama kila anapokaribia kupiga, kinampumulia shingoni pumzi kavu ya moto, na bado aliendelea kuchora mistari, kwa sababu kati ya kifo na kifo alikuwa ameanza kuona: kwamba linainua bega la kulia kabla ya kuchoma, kwamba likichoma halirudi nyuma, kwamba halijawahi kurudi nyuma hata mara moja, maana ni nani aliyewahi kulilazimisha, na kwamba kitu ambacho hakijawahi kupigwa hakijui kukwepa, hakijui kuogopa, hakijui kujilinda, kina upanga tu na uzoefu wa watu kuanguka, na yeye Anifa alikuwa na vifo vya mwaka mzima mwilini mwake, na kila kimoja kilikuwa kimemfunza kitu.

"Bega," alisema akiuma meno. "Bega, mshenzi wewe."

Kwenye kifo cha themanini na saba alilikata kwa mara ya kwanza. Kwenye cha tisini alilikata mara nne. Mstari wa tisini na nne ulikuwa wa mwisho kuchorwa. Bega likainuka, akaingia chini ya upanga badala ya kukimbia, akapiga, akapiga, halikurudi nyuma, akapiga, na kile kitu cheupe kikapiga magoti ya mbuzi na kikavunjika.

Kelele za Kariakoo zikarudi zote kwa mkupuo. Anifa alikuwa analia na kucheka, na utamu ulikuwa umemjaa mpaka kwenye fizi. Ndipo Nassibu alipopiga ukelele na kujishika mdomo.

"Mdomo wangu! Dada, mdomo wangu unawaka!" Kisha akaikumbuka simu, ikaonekana usoni pake jinsi alivyoikumbuka, akaanza kulia kwa sauti. "Mama anaumwa. Nilimjibu nini mimi? Nipe simu. Nipe simu!" Alikuwa amekasirika, amechanganyikiwa, anasukuma viti, na Anifa alimkumbatia hivyo hivyo huku anapigwa viwiko kwenye ubavu ulioumia.

Walikuwa bado wameshikana wakati kiti cha skrini ya nne kilipovutwa nyuma.

Hakuna aliyekigusa. Kilivutwa taratibu, miguu yake ikikwaruza saruji, kama anavyovuta mtu aliyekuja kukaa kwa raha. Ukutani, chini kabisa, pasipo na jina lolote, chaki ilijichora yenyewe mstari mmoja. Pedi iliyokuwa mezani ikawaka taa. Na kwenye uwanja mtupu yule mweupe akasimama tena, safari hii bega la kulia likiwa limetulia, upanga ameushusha, hatua moja nyuma. Lilikuwa limejifunza kurudi nyuma.

"Tena," lilisema. Anifa hakuwahi kuisikia sauti yake. Ilikuwa sauti changamfu, ya kitu kilichokuwa kimechoka miaka elfu na leo kimepata sababu ya kukaa.

"Dada, twende," alinong'ona Nassibu, akimvuta mkono kuelekea mlangoni. "Limeniacha, twende. Dada. Usiishike."

Anifa alitaka kumjibu kwamba hana wazimu wa kuishika. Alikuwa amekasirika, amekasirika kuliko asubuhi, kwa Mama Evarista aliyesema kweli, kwa lile lililokaa kwenye kiti chake, na zaidi ya yote kwa mikono yake mwenyewe. Pedi ilikuwa tayari imo ndani ya mikono hiyo, na kidole gumba kilikuwa kinatafuta kitufe cha kuanza.